Somo la mwezi: Kusoma takwimu za vifo vya bunduki katika kaunti yako

Somo la mwezi huu lina hesabu kidogo, lakini ni hesabu inayogusa maisha ya nyumbani. Chukua kalamu, karatasi, na simu yenye kikokotoo.

Huenda nawe umewahi kupokea ujumbe wa WhatsApp wa namna hii: "Msihamie mji ule, mwaka huu bunduki zimeua watu mia moja!" Kesho yake unaletewa mwingine: "Njooni huku kwetu, ni salama, waliokufa ni kumi tu." Kwa sababu ya ujumbe kama huo, familia inaweza kuacha nyumba na kazi na kuhamia jimbo lingine. Familia nyingine inaweza kununua bastola ili kujilinda. Jambo la kushangaza ni kwamba ujumbe wote miwili unaweza kuwa wa kweli na bado ukakupotosha.

Wengi wetu tuliijua bunduki kwa njia nyingine. Kule tulikotoka ilikuwa mikononi mwa askari au waasi, na ikilia sisi tulikimbia. Hapa Marekani bunduki inaweza kuwa ndani ya droo ya jirani yako, kwa ruhusa ya sheria, bila wewe kuiona hata siku moja. Kwa hiyo hofu yetu ya zamani haitoshi kutuonyesha hatari ya hapa iko wapi. Tunahitaji kuangalia namba, na kuziangalia vizuri.

Ukimaliza somo hili utaweza:
- kueleza tofauti kati ya idadi ya vifo na kiwango cha vifo;
- kuona namba moja imebeba vifo vya aina gani;
- kutafuta namba za kaunti yako mwenyewe;
- kuamua la kufanya nyumbani kwako.

1. Nani anahesabu?

Mtu akifa kwa risasi popote nchini Marekani, kifo hicho lazima kichunguzwe. Kazi hiyo hufanywa na ofisi ya mchunguzi wa vifo. Katika baadhi ya kaunti mchunguzi huyo ni daktari aliyeajiriwa. Katika nyingine ni mtu aliyechaguliwa kwa kura, na si lazima awe daktari. Yeye ndiye anayeandika kwenye cheti cha kifo kwamba mtu alijiua, aliuawa na mtu mwingine, alikufa kwa ajali, au kwamba haikuweza kujulikana.

Msiba wa namna hii ukiifika familia unayoijua, wataulizwa maswali mengi. Kuulizwa hakumaanishi kwamba wanashutumiwa. Ni sehemu ya kazi ya kujaza cheti hicho. Wana haki ya kuomba mkalimani.

Vyeti vya vifo huenda kwenye jimbo, kisha takwimu zake huenda CDC, taasisi ya serikali kuu inayoshughulikia magonjwa na afya ya jamii. Namba za CDC ndizo zinazohesabu vifo vyote vya bunduki.

Polisi nao wana namba zao, lakini hizo mara nyingi ni za uhalifu. Mtu aliyejiua hayumo katika hesabu ya mauaji ya polisi. Kuna pia hesabu zinazokusanywa kutoka kwenye habari za magazeti na polisi, kama ile ya Gun Violence Archive. Hizo hutoka haraka, ila hesabu yao ya matukio ya kila siku haiingizi waliojiua. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kutaja namba mbili tofauti za mji mmoja na wasiwe waongo. Swali la kwanza la kuuliza ni hili: nani amehesabu, na amehesabu vifo gani?

2. Idadi si kiwango

Idadi ni hesabu ya watu waliokufa. Kiwango kinakuambia wamekufa wangapi kati ya watu wangapi. Wataalamu wamezoea kuhesabu kwa kila watu 100,000, yaani laki moja.

Fikiria mashamba mawili ya mahindi. Katika shamba la kwanza miche 50 imekauka, katika la pili 20. Utasema la kwanza lina hali mbaya zaidi? Huwezi kusema mpaka ujue kila shamba lilipandwa miche mingapi. Kama la kwanza lina miche 5,000 na la pili lina 200, basi mwenye shida ni wa pili.

Hesabu yenyewe ni fupi:

Vifo ÷ idadi ya wakazi × 100,000 = kiwango

Tuchukue mfano wa kweli wa mwaka 2021. Katika jimbo la California walikufa kwa bunduki watu 3,576. Katika jimbo la Wyoming walikufa 155. Ukisikia namba hizo peke yake utaikimbia California. Lakini California ilikuwa na wakazi kama milioni 39.2, na Wyoming kama 579,000. Sasa piga hesabu:

California: 3,576 ÷ 39,200,000 × 100,000 = karibu 9
Wyoming: 155 ÷ 579,000 × 100,000 = karibu 27

Kwa hiyo, kwa kila watu laki moja, Wyoming ilipoteza watu mara tatu ya California. Jimbo lenye watu wachache na milima mizuri, ambalo halitajwi sana kwenye taarifa za habari, ndilo lililokuwa na kiwango kikubwa.

3. Ifungue namba uone kilicho ndani

Utauliza: katika jimbo tulivu kama Wyoming, nani anawapiga watu risasi? Jibu ni zito. Wengi wa waliokufa huko walijipiga wenyewe.

Tazama nchi nzima kwa mwaka 2023. Jumla ya waliokufa kwa bunduki ilikuwa 46,728, ambayo ni kama watu 128 kila siku. Waligawanyika hivi:

Waliojiua: 27,300
Waliouawa na watu wengine: 17,927
Waliouawa na polisi au vyombo vya sheria: 604
Ajali: 463
Haikujulikana: 434

Maana yake, kati ya kila watu 10 waliokufa kwa bunduki, karibu 6 walijiua. Si jambazi wa barabarani, bali ni baba, kijana au mzee, mara nyingi akiwa nyumbani kwake.

Sasa linganisha na mwaka 2021, ambapo jumla ilikuwa 48,830. Ukitazama jumla tu utasema hali imepata nafuu, maana vifo vimepungua kwa 2,102. Ni kweli. Lakini ndani yake kuna mambo mawili yanayokwenda njia tofauti:

Waliouawa: kutoka 20,958 hadi 17,927, pungufu 3,031.
Waliojiua: kutoka 26,328 hadi 27,300, ongezeko 972.

Wanaouawa walipungua huku wanaojiua wakiongezeka. Mtu akikutajia namba moja ya jumla, usiishie hapo. Mwombe aifungue.

4. Mji mdogo, namba ndogo

Tuseme kuna kaunti ya wakazi 20,000. Mwaka jana watu 2 walikufa kwa bunduki, mwaka huu 4. Mtu anaweza kuandika kwamba vifo "vimeongezeka maradufu". Ni kweli kwa hesabu, lakini vifo viwili zaidi vinaweza kuwa msiba wa nyumba moja kwa usiku mmoja. Havionyeshi bado kwamba kaunti nzima imebadilika.

CDC wenyewe wanalijua hilo. Katika takwimu za kaunti, vifo vikiwa pungufu ya 10 hawaonyeshi namba, ili watu wasiweze kutambua ni nani aliyekufa. Na vikiwa pungufu ya 20, wanaandika kwamba kiwango hicho si cha kutegemea.

Dawa yake ni kujumlisha miaka kadhaa. Chukua vifo vya miaka 3 au 5 kwa pamoja, kisha gawanya kwa idadi ya wakazi mara miaka hiyo. Hapo utaona hali halisi, badala ya kutikiswa na mwaka mmoja.

Haya hayapunguzi uzito wa msiba. Kila mmoja katika hesabu hiyo alikuwa na jina, na kuna mama aliyemlilia. Tunachosema ni kwamba uamuzi wa kuhama au kubaki usijengwe juu ya mwaka mmoja.

5. Tafuta namba za kaunti yako

Takwimu hizi ni za umma. Huhitaji kulipa, kutoa jina lako, wala kueleza hali yako ya uhamiaji. Kama Kiingereza bado kinakupa shida, fanya zoezi hili na kijana wako au na mwalimu wako wa Kiingereza. Kompyuta ya maktaba inatosha.

Hatua ya kwanza. Jua jina la kaunti yako. Mji na kaunti si kitu kimoja. Limeandikwa kwenye barua nyingi za shule na za serikali.

Hatua ya pili. Ingia kwenye mfumo wa takwimu wa CDC unaoitwa WONDER. Chagua sehemu ya sababu za vifo, kisha jimbo, kaunti, na miaka unayotaka. Katika sababu, chagua vifo vya silaha za moto. Chagua aina zote, kisha uzitazame moja moja.

Hatua ya tatu. Kama WONDER inakuchosha, tafuta ukurasa wa idara ya afya ya kaunti au ya mchunguzi wa vifo. Baadhi ya kaunti huweka orodha wazi. Kaunti ya Cook, ambamo mji wa Chicago umo, ni moja yao.

Hatua ya nne. Kagua mambo matatu kabla ya kuamini. Je, ni mji peke yake au kaunti nzima? Ni mwaka uliokamilika au bado unahesabiwa? Na je, waliohesabiwa ni wakazi wa hapo, au ni waliofia hapo? Namba za kaunti za CDC hufuata mahali mtu alipokuwa akiishi. Mchunguzi wa vifo anaweza kuhesabu waliofia kwenye kaunti yake, hata kama walijeruhiwa mbali wakaletwa kwa helikopta kwenye hospitali kubwa. Kaunti yenye hospitali kubwa inaweza kuonekana mbaya kuliko ilivyo.

Namba hizi zina kazi hata nje ya nyumba yako. Katika mji wa Milwaukee, tangu mwaka 2005 kuna tume ambayo huwakutanisha polisi, waendesha mashtaka, watu wa afya na wa jamii ili kupitia kila tukio la mauaji: lilitokea wapi, saa ngapi, kwa ugomvi gani, na nini kingeweza kulizuia. Hesabu inapofanywa hivyo, inageuka kuwa mpango wa kazi. Nawe unaweza kusimama kwenye mkutano wa shule au wa kaunti na kuuliza: namba zetu ni zipi, na mnafanya nini?

6. Namba hizi zinatuambia nini nyumbani?

Tumeona kwamba wengi wanaokufa kwa bunduki wamejiua. Kwetu jambo hili husemwa kwa kunong'ona, au halisemwi kabisa. Watu huogopa aibu, au huogopa kwamba kulitaja ni kulialika. Ukweli ni kwamba kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua.

Kuna jambo lingine la kujua. Mtu akijaribu kujiua kwa bunduki, karibu mara 9 kati ya 10 anakufa. Kwa njia nyingine nyingi, wengi huokolewa. Na wengi wa waliookolewa hawafi baadaye kwa kujiua. Ile saa mbaya ilipita. Kwa hiyo umbali kati ya mtu mwenye huzuni na bunduki, hata kama ni umbali wa kufuli moja, unaweza kuokoa maisha.

Vipi kuhusu kununua bastola ya kujilinda? Uamuzi ni wako na sheria za jimbo lako, lakini amua ukijua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia watu zaidi ya milioni 26 wa California kwa muda wa hadi miaka 12. Wanaume waliomiliki bastola walikufa kwa kujipiga risasi karibu mara 8 kuliko wanaume wasio nazo. Kwa wanawake ilikuwa zaidi ya mara 35. Silaha iliyoletwa kumngoja mwizi iko ndani ya nyumba siku zote, hata siku ambayo mwenye nyumba amepoteza kazi au amegombana na mkewe.

Tena kuna watoto. Tangu mwaka 2020, bunduki ndiyo inayoongoza kwa kuua watoto na vijana wa Marekani wenye umri wa mwaka 1 hadi 19, kuliko ajali za magari na kuliko ugonjwa wowote mmoja.

Basi fanya haya:

Kama kuna bunduki nyumbani, itoe risasi, ifungie kwa kufuli, na risasi zifungie mahali pengine. Ufunguo usiwe mahali ambapo watoto wanapajua. Vituo vingi vya polisi na idara za afya hutoa kufuli za bunduki bure, uliza.

Kabla mtoto hajaenda kucheza au kulala kwa rafiki, uliza: "Je, nyumbani kwenu kuna bunduki, na imefungiwa?" Hapa swali hili si matusi. Uliza kama unavyouliza kuhusu mbwa mkali.

Kama mtu wa nyumbani ana huzuni nzito, halali, anasema amechoka na maisha au anagawa vitu vyake, ondoa bunduki ndani ya nyumba mpaka hali itulie. Kisha usikae naye peke yako. Piga 988, simu ya bure ya msaada, usiku na mchana. Anayepokea akijibu, sema neno "Swahili" na uombe mkalimani. Kama kuna hatari ya papo hapo, piga 911.

7. Maneno utakayoyakuta

Kwenye ripoti za Kiingereza utaona maneno haya:

"Homicide" ni kifo kilichosababishwa na mtu mwingine. Haimaanishi kwamba mahakama imeshamhukumu mtu.
"Suicide" ni kujiua.
"Unintentional" ni bila kukusudia, yaani ajali.
"Rate per 100,000" ni kiwango kwa kila watu laki moja.

8. Zoezi

Fanya mwenyewe kwanza, halafu tazama majibu.

Swali la 1. Hizi ni kaunti za mfano. Kaunti A ina wakazi 900,000, na watu 108 walikufa kwa bunduki mwaka mmoja. Kaunti B ina wakazi 50,000, na walikufa 9. Kiwango cha ipi ni kikubwa? Je, namba ya B ni ya kutegemea?

Swali la 2. Kaunti ya mfano ina wakazi 80,000. Kwa miaka mitano walikufa 6, 11, 8, 12 na 8. Kiwango cha miaka yote mitano ni kipi?

Swali la 3. Rafiki anakuambia: "Mwaka jana watu 60 waliuawa kwa bunduki katika kaunti yetu." Unatazama ripoti: 40 walijiua, 18 waliuawa, 2 ni ajali. Utamwambia nini?

Majibu

1. A: 108 ÷ 900,000 × 100,000 = 12. B: 9 ÷ 50,000 × 100,000 = 18. Kiwango cha B ni kikubwa, lakini vifo 9 ni vichache mno kutegemewa. Jumlisha miaka kadhaa kabla ya kuamua.

2. Jumla ya vifo ni 45. Wakazi 80,000 mara miaka 5 ni 400,000. 45 ÷ 400,000 × 100,000 = karibu 11. Ungetazama mwaka wa kwanza na wa pili tu, ungeona 7.5 halafu 13.75, ukadhani kaunti imeharibika ghafla.

3. Mwambie kwamba waliokufa ni 60, lakini waliouawa na watu wengine ni 18, yaani 30 kati ya kila 100. Wengine 40 walijiua, na huenda baadhi yao wangekuwa hai kama mtu angewauliza hali zao, au kama bunduki ingekuwa imefungiwa.

Kazi ya nyumbani: tafuta namba za kaunti yako kwa miaka mitano, piga hesabu ya kiwango, kisha njoo nayo kwenye mkutano ujao wa familia. Na kabla ya hapo, usiku wa leo, zungumza na watu wa nyumbani kwako kuhusu lile swali moja: hapa tulipo, na kule watoto wetu wanakocheza, kuna bunduki? Imefungiwa?